Paje Isigeuke Dago la Matajiri

Mgeni katika visiwa hivi hana haja ya kupiga hodi mara mbili. Huo ndio mwenendo tuliorithi kwa wazee wetu, na safu hii haina nia ya kuutia dosari. Tangu enzi za majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, bandari zetu zimepokea watu wa kila rangi na kila lugha, na wengi miongoni mwao waliishia kuoa, kuzaa na kuzikwa hapa. Kwa hiyo hayo tutakayoyasema leo juu ya wageni wa aina mpya wanaojaa katika vijiji vya mwambao wa mashariki ya Unguja yasichukuliwe kuwa ni chuki ya mtu kwa asili yake. Ni suala la nyumba na ardhi, na kwa sababu hiyo ni suala la siasa, linalowahusu Chama, Serikali na kila mwananchi.

Wageni hao wanaitwa wahamaji wa kidijitali. Ni wafanya kazi wa makampuni ya Ulaya, Marekani na kwingineko, au watu wanaojitegemea, ambao kazi yao haiwalazimishi kukaa ofisini. Wakipata kompyuta ya mkononi, umeme usiokatika na intaneti ya kasi, basi mshahara unaolipwa Berlin au London unaweza kuliwa Paje. Biashara hii ilishika kasi duniani wakati wa maradhi ya korona, ofisi zilipofungwa na watu wakagundua kwamba bosi hahitaji kumwona mfanya kazi wake uso kwa uso. Tanzania ilifungua anga yake tarehe 18 Mei 2020, wakati nchi nyingi bado zimejifungia, na Zanzibar ikawa kimbilio. Visiwa vingine havikulala. Barbados ilianzisha kibali chake maalumu mwezi wa Julai mwaka huohuo, Mauritius ikafuata kabla ya mwaka kwisha, na Shelisheli ikajiunga mwaka 2021.

Tofauti ya mgeni huyu na mtalii tuliyemzoea ni moja, nayo ni kubwa. Mtalii hukaa wiki moja hotelini kisha akaenda zake. Mhamaji wa kidijitali hukaa miezi. Hatafuti chumba cha hoteli, anatafuta nyumba: ileile ya vyumba viwili na ukumbi ambayo jana ingepangwa na mwalimu, muuguzi, fundi wa umeme au kijana aliyeoa juzi. Hashindani na hoteli, anashindana na sisi.

Jina hilo la uhamaji linatupa fikra. Uhamaji si jambo geni kwetu. Wavuvi wa visiwa hivi na wa mrima wamekuwa wakipiga dago tangu dahari: msimu ukibadilika, wanafunga tanga, wanakwenda kukaa katika pwani ya watu wengine kwa wiki au miezi, wanavua, wanauza, kisha wanarejea makwao. Dago lina adabu zake. Wenye dago hufika kwa mzee wa kijiji, na siku hizi kwa sheha, wakajieleza wao ni nani, wametoka wapi na watakaa muda gani. Huonyeshwa mahali pa kujenga mabanda yao. Huambiwa miko ya pwani ile na mitego isiyotakiwa. Kijiji ndicho kinachoweka masharti, na mgeni ndiye anayeyafuata. Hatujapata kusikia kwamba wavuvi wa dago wamefika mahali na kwa sababu ya fedha zao wenyeji wakahama, wao wakabaki. Hilo ndilo linaloweza kutokea sasa, na hakuna aliyeulizwa.

Tuitazame hesabu, kwa kuwa hesabu haina ubishi. Mauritius, ilipoweka masharti ya kibali chake, ilimtaka mwombaji athibitishe kipato kisichopungua dola 1,500 kwa mwezi. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na Barbados wao walitaka dola 50,000 kwa mwaka. Hapa kwetu, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali kilipandishwa mwaka 2022 hadi kufikia shilingi 347,000 kwa mwezi, hatua ambayo wafanya kazi waliipokea kwa furaha na kwa haki. Basi yule anayehesabiwa na wenzetu wa Mauritius kuwa ndiye mnyonge wa wahamaji anapata takriban mara kumi ya mtumishi wetu huyo. Wawekeni watu wawili hao mbele ya mwenye nyumba mmoja. Hakuna haja ya kumlaumu mwenye nyumba kwa tamaa wala mgeni kwa kiburi, kwa maana soko lisilo na kanuni litampa nyumba mwenye fedha nyingi kila mara, bila ya chuki na bila ya huruma.

Na hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo. Nyumba inayolipiwa kwa dola kwa mwezi humfundisha jirani kutaka dola. Mwenye banda la uani analisakafia, analitia feni na choo cha ndani, naye anangoja mgeni wake. Mwalimu aliyepangiwa skuli ya mwambao anapewa bei ambayo mshahara wake wote hauwezi kuibeba, akaishia kupanga mbali na kupanda daladala alfajiri, au kuomba uhamisho. Mpishi na mhudumu wa mkahawa anaowahudumia wageni haohao naye anasukumwa nyuma ya barabara kuu, kisha nyuma zaidi. Hapigwi mtu, hafukuzwi mtu kwa bunduki, wala hapana hati ya mahakama. Bei inapanda, na mwananchi anajiondokea mwenyewe usiku akiwa na godoro lake. Kuondoka kwa namna hiyo hakuingii katika takwimu yoyote, na ndiyo maana viongozi wengi hawakuoni.

Tukumbuke pia kwamba uhaba wa nyumba ungekuwepo hata asingeteremka mgeni hata mmoja. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta tu watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikatukuta 1,889,773, ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya nusu milioni, na kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Kila nyumba ya makaazi inayogeuzwa kuwa ya kupangisha wageni inatolewa katika akiba ambayo tayari haitoshi.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambayo ndiyo mzizi wa fitina. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Hayo ni matunda ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 imeyathibitisha. Ardhi imewekwa katika dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mgeni hawezi kuimiliki, bali huikodi kutoka Serikalini kwa mradi uliokubaliwa. Kwenye karatasi, basi, hakuna la kuogopa. Lakini wenye kuishi vijijini wanajua kwamba karatasi na pwani ni vitu viwili. Kwa mila yetu miti ina mwenyewe, hata kama ardhi haina. Mtu huuza minazi yake, na aliyeinunua minazi huichukua na ardhi iliyo chini yake bila ya neno ardhi kutajwa. Watu wa mwambao wa mashariki walikuwa na minazi kwenye mchanga na mawe kwenye uwanda, sehemu ambazo mkulima hakuzithamini kwa kuwa hazioti mhogo wa maana. Ndizo hizo zilizouzwa mapema na kwa bei ya kutupa. Kisha yupo yule mwananchi anayeazima jina lake, akaandikwa yeye katika hati, na fedha na maamuzi yakawa ya mwingine aliye nyuma ya pazia. Mtu huyo tumwite kwa jina lake: ni kibaraka, na kibaraka wa ardhi hana tofauti na kibaraka wa siasa.

Mara nyingi mlango unafunguliwa na mirathi. Mzee anafariki, anaacha kiwanja cha pwani na warithi kumi na wawili. Mmoja yuko mjini, ana deni. Anauza fungu lake kwa mtu baki, na kwa kuwa fungu halikupimwa, aliyenunua kidogo anaanza kudai kikubwa. Waliokaa chuoni na kusoma fiqhi wanaikumbuka haki ya shufaa: mshirika katika mali isiyogawanywa akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenziwe ana haki ya kulichukua fungu hilo kwa bei ileile. Imam Shafi, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, aliifunga haki hiyo kwa mshirika peke yake, ilhali wanazuoni wa Hanafi waliifikisha hadi kwa jirani. Wote walikuwa na lengo moja, kumkinga mtu na madhara ya kuingiliwa ndani ya mali yake na asiyemchagua. Tunajiuliza kwa nini hekima hiyo, ambayo watoto wetu wanaisoma kwenye mikeka, isitafutiwe nafasi katika utaratibu wa kuhamisha viwanja vya vijijini, ili jamaa wapewe muda wa kutosha wa kununua kabla ya mtu baki.

Wapo watakaosema tunakuza jambo. Hao warejee historia. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, za udongo na makuti, walizozijenga kwa mikono yao. Ardhi ilikuwa ya makabaila. Mji ulipokua na ardhi kupanda thamani, makabaila wakapandisha kodi, na watu waliojijengea wenyewe wakajikuta hawana uwezo wa kukaa chini ya mapaa yao. Wakasimama pamoja, wanaume kwa wanawake, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Historia ya wanyonge wa mji huu kupigania makaazi ni ya zamani kuliko vyama vyetu vya siasa. Na Mapinduzi yalipokuja, miongoni mwa kazi zake za awali ilikuwa kugawa ardhi eka tatu tatu kwa wasiokuwa nayo, na kujenga nyumba za kisasa Kikwajuni na Michenzani, ambako wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walishiriki. Nyumba zile leo mtu anaweza kuzicheka kwa urefu wake na ngazi zake. Lakini zilijengwa kwa msingi kwamba makaazi ni haki ya raia kabla ya kuwa bidhaa.

Hatukatai kwamba wageni wanaleta fedha. Mwaka 2024 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 700,000, na asiyeuona mchango wao katika mapato ya Serikali na ajira za vijana atakuwa anafumba macho makusudi. Mhamaji wa kidijitali naye ananunua samaki, anakodi baiskeli, anakula chapati kwa mama ntilie, na pengine anatumia fedha nyingi zaidi mikononi mwa wanakijiji kuliko yule mtalii aliyelipia kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege. Hilo tunalikubali kwa moyo mweupe. Lakini fedha ina njia zake za kupita. Ikiwa nyumba ni ya mtu asiyeishi hapa, imepangishwa kupitia mtandao wa nje na malipo yakaingia katika benki ya nje, kijijini hubaki mshahara wa mfagizi na maji machafu.

Maji yanastahili neno lake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Uingereza la Tourism Concern, baada ya kutazama Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulionyesha kwamba nyumba moja ya mwananchi ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Nyumba ya kupanga si hoteli ya nyota tano, lakini ikichimbiwa bwawa la kuogelea na bustani ya kumwagilia maji inaanza kuifuata. Maji ya mwambao yote ni ya chini ya ardhi, katika mawe ya matumbawe, na kisima kikivutwa kupita kiasi bahari huingia.

Na wako akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kilianza huku mwaka 1989, katika Paje na Jambiani zenyewe, na ndicho kilichowapa wanawake wengi wa vijiji hivyo shilingi yao ya kwanza isiyopita mkononi mwa mume. Wamekipigania kwa miaka: bei ndogo, maji ya bahari yanayozidi joto na kuua mwani wa bei nzuri, na sasa pwani iliyojaa wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Kamba za mwani na michezo hiyo haviwezi kukaa pahala pamoja. Mwani unapotandazwa kukauka mbele ya nyumba za kupanga, kuna wanaolalamika harufu. Tunapenda kusema waziwazi: harufu ya mwani ni harufu ya kazi, na asiyeweza kuistahamili amekosea kijiji.

Wenzetu wamekwishaionja shubiri hii. Hapo jirani, katika kitongoji cha Shela kisiwani Lamu, nyumba nyingi za kale zimo mikononi mwa watu wa Ulaya. Kule Atlantiki, kisiwa cha Madeira kilifungua kijiji maalumu cha wahamaji wa kidijitali huko Ponta do Sol mwezi wa Februari 2021, na kuzungumzia kodi za nyumba kumekuwa ni wimbo wa kila siku wa wenyeji. Katika Visiwa vya Kanari, tarehe 20 Aprili 2024, makumi ya maelfu ya watu waliandamana wakisema visiwa vyao vina kikomo. Hao si maadui wa utalii, wanakula kwa utalii. Wapo pia waliochukua hatua. Mji wa Palma, kisiwani Mallorca, ulipiga marufuku mwaka 2018 kukodisha fleti kwa watalii. Kisiwani Jersey mtu kwa kawaida hutakiwa aishi miaka kumi kabla ya kupata haki kamili ya nyumba kama mwenyeji. Watu wa visiwa vya Åland, chini ya Finland, wamejiwekea haki maalumu ya ukaazi, na asiyekuwa nayo hazuiwi kutembea wala kupanga, lakini hamiliki ardhi bila ya ruhusa. Hayo ni mataifa ya kibepari, na hakuna anayewaita maadui wa uwekezaji.

Yetu macho hayatoshi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa mwezi wa Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kodi ya nyumba nayo ni malipo ya ndani. Tunataka kuona kanuni hizo zikifika Paje, si kuishia katika maduka ya Darajani. Amri ya mwaka 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo kumi na tano ilikuwa ya Tanzania Bara na haituhusu kisheria, lakini fikra yake inafaa kuzungumzwa hapa pia: je, kupangisha nyumba za kijijini kwa wageni isiwe kazi ya raia pekee?

Kisha kuna suala la kumtambua mgeni mwenyewe. Viza ya matembezi ya siku 90 ilitungwa kwa mtu wa matembezi. Anayekaa miezi akifanya kazi yake ya kila siku hapa si mtalii, na si mfanya kazi kama sheria zetu zilivyomfahamu mfanya kazi. Ameangukia katikati. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi ni jambo letu, na katika mwanya baina ya ofisi hizo mbili ndimo mtu huyu anamoishi bila ya kuchangia skuli wala kituo cha afya. Apewe kibali chake kwa jina lake, akilipie, na sehemu ya ada hiyo irejee katika halmashauri ya wilaya anamokaa, ijengewe nyumba za walimu na wauguzi. Kulipa bima ya safari ya dola 44 tangu Oktoba 2024 hakukumzuia mgeni kuja, na ada hii haitamzuia.

Kwa upande wa viongozi, tuseme bila ya kumung'unya. Sheha anayetia saini mauzo ya kiwanja bila ya kuwaita warithi wote amevunja amana. Ofisa wa ardhi anayepitisha hati akijua kwamba jina lililoandikwa ni la kuazima amevunja amana kubwa zaidi. Na mwana-Chama anayesimama jukwaani kuyasifu Mapinduzi asubuhi, kisha jioni akawa dalali wa pwani, anafaa kuulizwa na tawi lake. Hatumtaji mtu. Kila tawi linawajua wake.

Wanakijiji nao wajue kwamba kukodisha ni bora kuliko kuuza. Kiwanja kilichokodishwa kwa mkataba wa maandishi na muda unaojulikana kitarudi kwa watoto. Kilichouzwa kimekwenda, na zile fedha ambazo zilionekana nyingi siku ya kuhesabiwa mara nyingi huishia katika pikipiki moja na harusi mbili. Pale ambapo jamaa wanaweza kuunda ushirika wao wa kupangisha nyumba, wafanye hivyo. Tulikuwa na vyama vya ushirika vya karafuu na vya uvuvi, hatuoni kwa nini kusiwe na cha nyumba.

Baraza la Wawakilishi likikutana, Waheshimiwa wa majimbo ya mwambao watake jambo moja jepesi kutoka Wizara ya Ardhi na Maendeleo ya Makaazi: orodha ya kila kiwanja cha pwani kilichokodishwa, kwa nani, kwa muda gani na kwa kodi kiasi gani, ibandikwe katika ofisi ya sheha wa kila shehia, kwa Kiswahili, pahala ambapo mama anayetoka kwenye mwani anaweza kusimama na kuisoma.